Mafuta ni Mafuta

Jumanne, 6 Agosti 1996

Leo nimekuwa mtu mwenye pikipiki. Narudia kuandika, maana ni tamu: mtu mwenye pikipiki! Padre amerudi kwao moja kwa moja. Kwa kuwa nimemtengenezea redio zake miaka yote bila kunung'unika (mbele yake), ameniachia ile ya kupandia milima, yenye matairi ya meno. Ni tustroku, ile injini inayokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta na kutoa moshi. Ililala bandani tangu mwaka juzi. Haidhuru. Anayeiweza redio ataiweza na pikipiki. Zote zina waya.

Nikaenda mbio kwa Minza, pale sokoni anaposhonea. Jumapili mtoto wa dada yake Kabula anabatizwa Sitalike, na Minza ndiye mama wa ubatizo. Akichelewa, mtoto atashikwa na mwingine. Nikamwambia asihangaike na lori, nitampeleka mwenyewe. Akaniangalia sana. Akasema sawa kaka Anicet, ila nisiifanye ikawa kama ile safari ya Magamba. (Ile ya Magamba alirudi kwa miguu. Mvua haikuwa kosa langu.) Kisha akaniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi: Mwalimu Yotham amemposa, na jibu atalitoa baada ya ubatizo.

Yotham! Mtu wa baiskeli!

Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku. Nikimfikisha Minza Sitalike kwa heshima, Yotham kwisha. Nisipomfikisha, nimekwisha mimi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Fundi Arcade, mtu wa Katumba, anayetengeneza pikipiki za mji mzima. Nikamkuta anapanda treni. Akanipa maelekezo dirishani kwa haraka: nisafishe kabureta, nisafishe plagi, na kwenye kila galoni ya petroli nitie kikombe kimoja cha mafuta. Nisizidishe, nisisahau. Mafuta amemwachia mkewe Séverine, nikamwombe.

Nilitaka kumwuliza mafuta gani. Sikuuliza. Watu walikuwa wengi pale stesheni, na fundi hamwulizi fundi mbele za watu.

Séverine nilimkuta gengeni kwake, anapima unga wa muhogo. Nikamwambia Arcade kasema anipe mafuta ya kuchanganya. Akauliza nachanganya na nini. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ufundi, dada. Akacheka, akasema nyie wanaume wa mjini mmeanza kujipikia siku hizi, akanijazia chupa. Sikuelewa, nikacheka pia. Mafuta mekundu, mazito, yana harufu nzuri. Nikajua tu ndiyo yale ya nje yenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko uwanjani unashangaa maboga. Mimi niko uani nafungua kabureta. Ndani nyigu wamejenga ghorofa ya udongo. Nikawahamisha kwa unyoya wa kuku. Nikafunga tena. Zikabaki skrubu na springi moja. Inaonekana kiwandani huwa wanaweka na za akiba.

Plagi ilikuwa nyeusi kama chungu. Nikaisugua hadi ikang'aa. Halafu likanijia wazo, na mawazo yangu yakija hayapigi hodi. Ndani ya kabureta kuna kitu kinaitwa jeti, kina kitundu ambacho petroli inapitia. Kitundu chenyewe kama tundu la sindano! Ndiyo maana Padre alikuwa akienda polepole. Nikaenda kuazima sindano ya cherehani kwa Minza, nikakipanua. Aliuliza sindano ya nini. Nikasema kifungo. Sindano imekatika.

Nikapiga kiki. Nikapiga kiki. Nikapumzika, nikapiga kiki. Mguu umevimba. Jua lilipokuwa kali ikawaka! Moshi ukajaa uani hadi sikuuona mlango wangu mwenyewe. Na harufu! Harufu ya maandazi, kabisa. Jirani yangu Mama Immaculata akatoka na sahani, akauliza yanaanza kuuzwa lini. Mbwa wa mtaa mzima wamelala mlangoni kwangu hadi sasa.

Sijali. Inanguruma!

Ijumaa, 9 Agosti

Safari ya majaribio hadi Kakese, kwa baba yake Minza, Mzee Ndaki. Asubuhi niliondoa silensa. Sauti ikitoka wazi nguvu inaongezeka, na nilitaka mzee anisikie kabla hajaniona, ajiandae.

Alinisikia. Ng'ombe wake pia walinisikia. Wengine wakaelekea Mpanda, wengine wakaelekea bondeni, na dume kubwa likaingia kwenye viazi vya jirani likakaa humo. Mzee Ndaki hakugomba. Afadhali angegomba. Alisimama na fimbo yake, akanusa, akasema pikipiki hii ina harufu ya shibe ila inalia kama yenye njaa. Akanisalimia vizuri, akanionyesha upande walikokimbilia.

Nilishinda nakimbiza ng'ombe. Jioni nani apite? Yotham, na kengele yake. Akaegesha baiskeli, akakunja suruali, akaingia kwenye viazi, akamwongelesha dume kwa Kisukuma, likatoka. Na wala yeye si Msukuma! Kujipendekeza tu. Mzee akamkaribisha maziwa. Mimi nikapewa maji, kwa kuwa nilikuwa natoka jasho.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeirudisha silensa. Lakini vita haipiganwi kwa pikipiki peke yake. Mchana niliona baiskeli ya Yotham imeegeshwa nyuma ya kanisa. Nikapita kama mtu anayesali, nikachomoa valvu zote mbili, nikazitupa chooni. Haya, nenda Sitalike na rimu tupu, Mwalimu!

Saa kumi nikasikia habari. Baiskeli ilikuwa ya katekista, Mzee Stanslaus, aliyekuwa anakwenda Sitalike kuandaa ubatizo. Alikuwa amekaa chini analaani. Yotham akapita, akampa valvu zake za akiba, akamjazia upepo. Katekista kamwombea baraka hadharani, mbele ya kwaya.

Nimepiga pasi suti yangu ya bluu. Kesho ni kesho.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Minza alitoka na gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga hadi suti ikalowa. Nikachomoa mpira wa petroli: umezibwa na kitu chekundu kizito kama samli. Mafuta yameganda! Minza akachovya kidole, akanusa, akasema haya mawese. Nikamwambia ni mafuta ya pikipiki. Akasema ni mawese, kaka Anicet, jana nimekaangia dagaa. Nikamwambia mafuta ni mafuta. Akaleta chupa ya chai, tukaimwagia kabureta maji ya moto. Ikawaka! Akapanda. Akanishika kiunoni. Hiyo naiandika peke yake.

Akanishika kiunoni.

Tukaondoka na wingu letu. Njiani tukamkuta Yotham, kumbe alitoka alfajiri. Nikampigia honi, nikampita, nikageuka kuona moshi unavyommeza. Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza kwa padre yeyote.

Karibu na msitu wa hifadhi injini ikaanza kukohoa. Ikapiga kelele nyembamba. Ikakaza, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, tukasimama. Kimya. Ndipo wakaja mbung'o. Mbung'o wanapenda bluu, jambo hilo kila mtoto wa Sitalike analijua. Minza na gauni lake jeupe hakuguswa. Mimi waliniona kama harusi.

Kengele ikalia. Yotham. Hakunicheka, na hilo ndilo baya zaidi. Minza akaniambia polepole kwamba yeye ndiye aliyemwomba Yotham atangulie alfajiri kwa njia hiyohiyo, kwa usalama tu. Akaniomba msamaha, akakaa nyuma ya baiskeli upande upande, wakaenda.

Iliniuma. Iliniuma kuliko mbung'o. Nilisukuma pikipiki hadi Sitalike nikilia kidogo. Nilipofika mtoto ameshabatizwa, Minza alimshika mwenyewe, na watu wanakula. Nikapewa wali. Wali wa mawese.

Jumanne, 13 Agosti

Fundi Arcade amerudi. Amefungua injini mbele ya watu. Pistoni imekaangwa, na ringi zimeng'ang'ania humo. Akamwita Séverine aje aone. Akaniuliza nilitia nini, nikamwambia alichonipa mke wake. Wamecheka hadi wamekaa chini. Séverine amesema mimi nilitaka mafuta na yeye alinipa mafuta, kosa lake liko wapi. Nami sijaliona.

Jioni Minza akaja dukani kwangu. Hakuwa na redio mbovu, alikuja kwangu mimi. Akakaa. Akasema amemkubalia Yotham. Akasema hana kinyongo, mimi ni mtu mwema na nilimchekesha siku nyingi. Machozi yalimlengalenga, niliyaona. Mlangoni akageuka, akasema: "Kaka Anicet, tafadhali usinisubiri."

Nimelifikiria neno hilo tangu magharibi. Kwanza lilinivunja kabisa. Lakini ukilitazama kifundi? Mtu humwambia asimsubiri yule tu ambaye moyoni anajua atamsubiri. Kwa hiyo ananifikiria. Kwa hiyo Yotham ana wasiwasi. Na harusi ni baada ya mavuno, muda upo tele.

Nilichokosea ni kimoja tu: uzito. Kesho natoa madigadi zote mbili, na breki ya mbele.