Mwenyekiti Hakupewa Hata Sekunde Tatu

Kikundi cha Ngoma za Asili cha Umoja,
Kangeta, Meru.
4 Agosti 2025

Kwa Madam Joyline Gacheri,
Mkufunzi wa Mitandao ya Kijamii kwa Makundi ya Sanaa,
Mtaa wa Dallas, Embu.

MINTARAFU: OMBI LA KUFUTA VIDEO YA SEKUNDE ISHIRINI NA MBILI KABLA YA JUMAMOSI

Madam,

Pokea salamu kutoka kwangu na, kupitia kwangu, kutoka kwa makamu wangu, katibu, makamu wa katibu, mweka hazina na wanachama wote, kwa mpangilio huo huo. Mimi ni Salesio Mutuma, mwenyekiti wa kikundi hiki, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwezi uliopita ulitualika Embu utufundishe namna ya kutangaza ngoma zetu kwa simu. Tulishukuru. Sasa nalalamika, kwa heshima zote.

1. Ulisema mtazamaji asipovutiwa katika sekunde tatu za kwanza, anapita. Madam, kwa sekunde tatu mwanamume mzima wa huku kwetu Igembe hajamaliza hata kukohoa kabla ya kusimama. Tena mafunzo yako yenyewe yalianza saa tatu asubuhi, na hotuba za ufunguzi zikaisha saa sita na nusu. Wakubwa saba walituhutubia juu ya umuhimu wa kusema kwa ufupi. Sisi hatukupita. Tulikaa, tukapiga makofi, tukapigwa picha mbele ya bango.

2. Tulirudi nyumbani tukatii. Tulirekodi video ya sekunde tisini kama ulivyoagiza. Mchungaji alifungua kwa maombi, akajibana sana, akatumia sekunde hamsini na tano tu. Nikasalimia. Nikatambua uwepo wa naibu wa chifu na mwenyekiti wa soko la miraa. Nikaanza kutambulisha maafisa, nikafika kwa makamu wa katibu, simu ikakata. Akina mama kumi na wanne walikuwa wamesimama nyuma yangu wakiwa na njuga miguuni, hawajainua mguu. Video hiyo imetazamwa mara kumi na moja, na tisa kati ya hizo ni za maafisa waliotaka kujua kama wametajwa. Mweka hazina, Mama Kanini, hakutajwa, na tangu siku hiyo hanisalimii.

3. Katibu wetu, Cicily, mama ninayemheshimu kwa kiasi, alitoa simu tukiwa mazoezini akarekodi sekunde ishirini na mbili, akaziweka kwenye ukurasa wetu. Hakuna maombi. Hakuna itifaki. Inaanza katikati ya ngoma, kama mtu anayeingia kanisani wakati wa sadaka. Imetazamwa na watu elfu arobaini na sita! Nilipomwita ajieleze, alinijibu mbele ya wanachama: "Mwenyekiti, watu wanataka kuona ngoma, si wewe."

4. Isisemwe kwamba simo. Nimo, kwa sekunde mbili. Mpigaji ngoma wetu, Murungi, alikuwa na homa, nikashika ngoma badala yake. Naonekana bila koti, jasho linatiririka, mdomo wazi, na hakuna maandishi yoyote ya kueleza kwamba huyu ni mwenyekiti. Mtu wa Brazili ameuliza huyo mzee ni nani. Mwingine akamjibu, "Ni mzee tu." Miaka kumi na tisa! Iliniuma, sitaficha.

5. Tumepata wafuasi elfu sita na mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyehudhuria mkutano. Kwa katiba yetu, anayekosa mikutano mitatu bila udhuru anafukuzwa. Wamebakisha mmoja.

6. Alama za kupenda zinatolewa ovyo. Naomba kila moja ipendekezwe na mtu, iungwe mkono na mwingine, kisha niletewe niipitishe. Nipo Jumanne na Alhamisi, isipokuwa kukiwa na mazishi.

Haraka yangu ni hii: Jumamosi tuna uchaguzi, na wanachama wananong'ona kwamba Cicily ashike kiti. Ikiwa ngoma inaweza kupendwa bila mwenyekiti kuifungua, watauliza mwenyekiti ni wa nini. Na mimi, Madam, sina jibu linaloingia katika sekunde tisini. Ukurasa ulitufungulia wewe, na nywila mnayo wewe na Cicily, naye hatakubali. Ifute.

Nisalimie wakubwa wote saba kwa vyeo vyao, mama aliyetupikia chai, na askari wa lango. Niliyemsahau ajihesabu ametambuliwa.

Wako katika itifaki,
Salesio Mutuma,
Mwenyekiti (hadi Jumamosi).

Tanbihi: Picha za kurasa za juu nilikutumia kwa simu asubuhi, na naona umezisoma. Saa nane binti yangu Winrose alinipigia. Ni muuguzi Uingereza. Tangu tumzike mama yake, mwaka wa tatu huu, hupiga Krismasi tu, tukaulizana habari za mvua. Hotuba zangu zote mimi humtumia, na leo amekiri hajawahi kufungua hata moja. Lakini zile sekunde mbili amezirudia huko wodini mpaka wenzake wakamuuliza anatazama nini. "Nikawaambia huyo ni Dad. Kumbe bado unaweza piga ngoma hivyo? Mum angecheka sana." Tumeongea saa nzima, na muda mwingi nilikuwa nasikiliza.

Madam, kama hujaifuta, usiifute. Kama umeifuta, tafadhali irudishe leo. Na pale ninapoonekana, usiandike cheo.