Hotuba ya Kuzindua Gari la Kwanza la Doria, Lililokarabatiwa kwa Vipuri Orijino

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye nimearifiwa yuko njiani, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake tunakiona pale mbele kikiwa safi kabisa, Mkuu wa Kituo hiki cha Polisi, mwenyeji wetu, ambaye ameitwa ghafla mahali ambapo hakupataja, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu ambao wakuu wao wako semina, stekiholda wote wa sekta ya urithi wenye magurudumu, mabibi na mabwana, nanyi wananchi mliochagua kwa hiari yenu kusimama juani: (Sauti: "Hiari gani? Viti viko wapi?") itifaki imezingatiwa.

Mimi, Mkurugenzi wa Kumbukumbu za Vyombo vya Usafiri vya Serikali, nasimama mbele yenu nikiwa na unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wasaidizi wangu wameniambia haujawahi kuonekana kwa kiongozi yeyote wa ngazi yangu, ili kuzindua rasmi matokeo ya mradi wa ukarabati wa gari la kwanza la doria la mji huu, mradi ambao kwa mujibu wa takwimu zetu za ndani umefikia asilimia tisini na saba ya maandalizi ya awali ya kuelekea kwenye hatua ya utekelezaji. (Makofi kutoka safu ya mbele, ambako wamekaa wafanyakazi wa idara.)

Wazee wetu mnalikumbuka gari hilo. Jeusi, limenenepa mbele kama mtu aliyeshiba, taa moja ya buluu kichwani. Dereva wake tunaye hapa leo, ameletwa na binti yake, yule mshonaji wa sare. Simama, Afande. Basi, kaa, kaa. Kwa faida ya vijana, huyu mnamwita Afande Polepole, kwa sababu gari lake lilikuwa na mwendo wa busara, kiasi kwamba wezi wa zama zile walikuwa wanalisubiri kwa heshima. (Vicheko. Mzee anacheka kuliko wote.)

Mzee huyu alifika ofisini kwangu, akanishika mkono, akaniambia: "Mwanangu, macho yangu yanazima. Nataka nilikalie lile gari mara moja tu kabla hayajazima kabisa." Ndugu wananchi, niliguswa. Niliguswa sana. Papo hapo, bila kusubiri kibali cha mtu, nikamruhusu akalie benchi la mapokezi.

Kuanzia hapo tukaandaa fremuweki. Msimamo wangu ulikuwa mmoja: vipuri orijino tu! Sikutaka nati ya kuchonga, sikutaka rangi ya kubahatisha. Tukapita mitaa yote, nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo tulipogundua kwamba gari letu lilikuwa limehifadhiwa kwa mfumo wa kisasa wa ugatuzi, yaani kila kipande kinatunzwa na mwananchi wake. Kiti cha nyuma tulikikuta kwa kinyozi wa hapo barabarani, wateja wanakalia wakisubiri zamu. (Kinyozi, akiwa na aproni: "Sasa wanasimama!") Mlango wa kushoto, wenye nembo bado inasomeka, tuliukuta kwa mama mfuga kuku, umefungwa bandani, nao aliutoa kwa moyo mkunjufu.

(Mama mfuga kuku: "Moyo mkunjufu wa nani? Mlikuja na askari wawili! Kuku wangu wanalala jikoni, mheshimiwa, mmoja anatagia kwenye sufuria ya chai!")

Tunapokea maoni hayo kama mrejesho chanya. Usukani nao tuliupata kwa Afande mwenyewe, aliyekuwa ameutundika ukutani juu ya kitanda chake, akaukabidhi kwa taifa kwa furaha isiyo na kifani.

(Binti yake: "Alilia, mheshimiwa. Usiseme alifurahi. Mimi nilikuwepo, nilimfuta machozi kwa kanga yangu.")

Machozi ya furaha yanajulikana, binti yangu, yana takwimu zake.

Sasa bila kupoteza muda, kwa mamlaka niliyonayo, naagiza turubai livutwe. Polepole. Polepole, jamani, mpiga picha hajawa tayari. Vuta!

(Turubai linavutwa. Chini yake kuna kiti cha nyuma chenye viraka vya ngozi, mlango mmoja umeegemezwa kwenye pipa, taa ya buluu juu ya tofali, na usukani umelazwa juu ya kiti. Basi.)

Kama mnavyojionea wenyewe, usanifu wetu umezingatia dhana ya uwazi. (Sauti: "Injini je?") Swali zuri. Injini ni suala mtambuka. (Sauti nyingine: "Na magurudumu?") Magurudumu yamo kwenye mpango mkakati. Naomba mwenye maswali asubiri, kwa sababu hotuba hii bado haijafika... Binti, unampeleka wapi mzee? Utaratibu wa kulikalia gari haujatangazwa!

(Binti anamwongoza Afande Polepole hadi kwenye kiti. Anamwambia kwa sauti ya chini: "Baba, hakuna gari." Mzee anapapasa kiti kwa viganja vyote viwili. "Nimeshajua, mama. Niache nikae tu." Anakaa. Anachukua usukani, anauweka mapajani.)

Sawa, akae, akae kwa niaba ya wote. Ninaendelea. Ukurasa unaofuata unahusu vishon, yaani dira yetu ya muda mrefu, ambayo...

(Kinyozi ametoka kwenye umati, amechuchumaa mbele ya mzee. "Shikamoo baba. Hapo ulipokaa ndipo nilipozaliwa." Mzee: "Marahaba. Unasema?" Kinyozi: "Usiku wa mafuriko. Mama alinisimulia. Nilikinunua kiti hiki kwa wauza vyuma kwa sababu hiyo." Mzee anamshika uso, anampapasa pua na taya. "Wewe ndiye yule? Mama yako alinipiga kofi la kisogo, akaniambia endesha, we mwanamume, unamsubiri nani!")

Ndugu wananchi, suala la nani alizaliwa wapi halimo kwenye ratiba.

(Kinyozi: "Alisema ulivua shati ukanifunika." Mzee: "Shati la kazi. Asubuhi nikashtakiwa kwa kutokuvaa sare." Anacheka. "Kila mtoto wa kiume niliyekutana naye mjini humu nilikuwa najiuliza, ni huyu? Sikuwahi kumwambia mtu.")

Afande, mimi mwenyewe nina uchungu na jambo hilo, lakini mpiga picha anaondoka! Naomba tusigeuze hafla ya serikali kuwa kikao cha familia!

(Kinyozi: "Mama yupo hai, baba. Anakaa uani nyuma ya kibanda changu. Miguu tu ndiyo imemkataa. Twende ukamwone." Mzee: "Sasa hivi?" "Sasa hivi." Wanaume wanne wanainua kiti, mzee akiwa juu yake na usukani wake. Binti anashika mkono wa baba yake. Umati unafungua njia.)

Rudisheni hicho kiti! Hicho ni kielelezo! Mama, na wewe unaupeleka wapi mlango? (Mama mfuga kuku: "Nyumbani!" Umati unawafuata hadi nje ya geti.)

Vizuri. Kwa kuwa wananchi wamehamasika kiasi hiki, nahitimisha. Semeni pamoja nami: Vipuri orijino! (Mwenye spika za kukodi anapiga miayo.) Mnaitikia: maendeleo orijino! Urithi juu! Juu zaidi! (Wafanyakazi wa idara wanatazama saa zao, wanaondoka mmoja mmoja.)

Nabaki na shukrani. Namshukuru fundi mkuu wa mradi, ambaye tutampata. Naishukuru kamati ya wataalamu, ambayo wajumbe wake watateuliwa. Nawashukuru wenzetu wa nchi za mbali waliotupokea kwenye ziara ya mafunzo, tukajifunza kwao kwamba mtu anayetaka kukarabati gari huanza kwa kuwa nalo, somo tutakaloliingiza kwenye awamu ya pili. Na kwa namna ya pekee nalishukuru gari lenyewe, ambalo ofisi yangu, chini ya sahihi yangu, ililikatakata na kuliuza kama chuma chakavu muda mrefu kabla sijapata wazo la kulihifadhi. Na kwa kuwa mradi huu hatukuwahi kuuanza, natamka rasmi kwamba umekamilika. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni mwenye spika, anakung'uta vumbi mikononi, anasubiri kuchomoa waya.)