Kayaki kwa Nyonga za Enok

Jumamosi, 3 Juni

Bahari imefunguka, Mungu ashukuriwe! Barafu ya ghuba imechukuliwa na upepo. Safari yetu ya kayaki ya jioni ya Sikukuu ya Taifa, tarehe 21, ipo. Mwaka jana nilikutana na jirani zangu Enok na Nivi wakirudi kutoka kwenye jabali la barafu. Mimi ndiyo kwanza naenda! Nivi alinipa pole, akasema wamenibakizia kahawa. Ilikuwa imepoa. Mwaka huu nitainywa ya moto, nimekaa kando ya Nivi. Sitaki kingine duniani.

Nina mpango. Hapa kila mtu huunda kayaki, mtumbwi uliozibwa juu wenye tundu la mtu mmoja tu, kwa vipimo vya mwili wake. Upana ni nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Basi kasi ya Enok, asiyepitwa na mtu, inatoka wapi, kama si kwenye nyonga za Enok? Nimekwenda kwake, hayupo. Suruali iko kwenye kamba. Nikaipima kwa uzi. Mama yake akatokea, akauliza nafanya nini. Nikamwambia naangalia kama imekauka. Akanishukuru! Majirani zangu ni watu wema sana.

Jumanne, 20 Juni

Kayaki imekamilika. Nyembamba, inatia wivu. Nimeijaribu bandani. Siingii. Nimejipaka mafuta ya sili nyongani. Nimeingia! Kutoka kumenitesa, lakini nani anataka kutoka? Enok amepita mlangoni, akauliza harufu gani hiyo. Wivu huo.

Jumatano, 21 Juni

Niko hai!

Mchana nilikunywa supu ya nyama ya sili, kisha nikala keki nyumba hadi nyumba. Kukataa keki siku kama ya leo ni matusi. Jioni, jua likiwa juu bado, tukaondoka. Nikampita Enok! Nivi akapiga kelele kuuliza mimi, Juaaka, nimekula nini leo. Nikageuka nimpungie. Jabali likamegeka kipande, wimbi likaja, nikapinduka.

Kichwa chini. Baridi mpaka kwenye meno. Nikajaribu kuchomoka. Wapi! Nyonga zimenasa. Nikapiga tumbo la kayaki kwa viganja kuomba msaada, kama tulivyofundishwa utotoni. Nikamwomba Mungu msamaha wa mambo mengi, suruali ikiwemo. Kifua kikaanza kuwaka. Nikajua nakufa. Mara mkono ukagonga kitu kigumu: pua ya kayaki ya Enok. Nikaikumbatia, nikajiinua, nikavuta pumzi. Hewa tamu jamani! Nikalia mbele ya Nivi wala sikuona haya.

Wakanikokota hadi ufukweni. Wakanivuta, kayaki ikaja nami. Wakavuta tena, Nivi akaanguka kwa kicheko. Nikawasihi wasiikate. Enok akaniambia, "Nyamaza wewe, ama nikurudishe majini!" Akaleta msumeno. Huku anakata akauliza nilijipimaje. Nikakiri kwamba nilipima suruali yake. Akauacha msumeno, akakaa kwenye kokoto akicheka mpaka machozi. Suruali ile, akasema, ni ya mama yake.

Alhamisi, 22 Juni

Kijiji kizima kinajua. Mama yake Enok ameniletea soksi za sufu, akasema sisi wenye umbo moja tusaidiane. Nimezivaa. Kisha akaja Nivi na chupa ya kahawa. Ya moto! Akakaa kando ya kitanda hadi chupa ikaisha. Akasema jana alidhani wamenipoteza, na asingejua amcheke nani tena. Nimelia upya. Nimepata watu, mimi.

Jumapili, 25 Juni

Enok amekuja na mbao zake mwenyewe tuanze kayaki mpya. Ndugu yangu! Mwokozi wangu! Amenipima taratibu, nyonga na ngumi mbili, akatia alama kwa penseli. Akaniangalia usoni, akasema hiki ndicho kipimo chako, Juaaka, na hakina aibu yoyote. Nikamshika mkono.

Alipotoka kuvuta sigara, nikaifuta alama, nikaisogeza ndani vidole viwili. Nitakonda tu. Sasa naenda kwa Nivi, ameoka keki.