Kichwa Nilichotikisa Jumapili

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
Jumanne.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Mdogo wangu Hillary,

Naamini barua hii itakukuta mzima, mkeo Evelyn mzima, na migomba yote imesimama. Mimi kifua kinaendelea vizuri. Kilichougua huku ni kompyuta.

Nakuandikia kulalamikia kikao cha ukoo cha Jumapili, kile tulichofanya kwa kompyuta ili sisi tulioondoka nyumbani zamani nasi tuhudhurie. Nilihudhuria. Niliwaona wote mmejipanga sebuleni kwako kama picha ya kipaimara. Ila sikusikia hata neno. Midomo ilikwenda, sauti haikuja. Sasa mtu wa umri wangu, akikodolewa macho na ndugu wote hao wakingoja, hawezi kukaa kama gunia. Kila mliponitazama, nilitikisa kichwa. Jioni Candida, dada yetu, alinipigia simu kunipongeza, ndipo nikajua niliyoyakubali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba nimekubali kuwa mlezi wa kwaya ya vijana. Hili naliacha. Siwezi kuimba, lakini nimewasikia, nao hawawezi.

2. Kwamba nimekubali kutoa dume la ng'ombe Desemba, tutakapokuja wote nyumbani. Naishi ghorofa ya tatu. Nimechungulia kila chumba na veranda, dume hilo sijaliona.

3. Kwamba nimempa mpwa wetu Heriel ile kona ya kihamba, shamba letu la ukoo huko mlimani, iliyo kando ya mfereji, ajenge banda la kuoshea pikipiki. Hapa ndipo ninapokataa. Marehemu baba alisema mbele yenu nyote kwamba kona ile ni ya kunizika mimi. Joto la Dar nimelivumilia miaka yote hii kwa sababu najua nitakapolala pana baridi, na maji yanapita karibu. Leo nikalale chini ya pikipiki, nikidondokewa povu?

Candida anaapa kwamba sikutikisa kichwa tu, bali Heriel alipoomba nilimjibu kwa sauti kubwa: "Chukua, chukua, hata bure chukua!" Hillary, ile si sauti yangu. Ni kipaza sauti cha muuza soksi aliye chini ya dirisha langu. Amerekodi maneno hayo, yanajirudia kutwa nzima. Kama yana mamlaka ya kugawa ardhi, basi nusu ya mlima imekwishachukuliwa. Na hamkujiuliza kwa nini nilimalizia na "za watoto pia zipo"?

4. Kwamba mnadai ubovu ulikuwa kwangu. Nimechunguza. Niliizima kompyuta nikaiwasha. Nilipandisha sauti hadi mwisho. Nilizipuliza spika vumbi. Kisha nikamwita jirani yangu Hamud, muuza mabegi, akazitazama kwa makini, akasema, "Mzee Rogath, taa si hii inawaka? Spika nzima kabisa hizi. Hao ndugu zako ndio hawakusema kitu." Hamud ni mtu mzima na hana sababu ya kunidanganya. Kwa hiyo nalazimika kuamini kwamba Jumapili mlichezesha midomo tu, na kikao hakikufanyika.

5. Naomba basi utangaze kwamba kila kichwa kilichotikiswa pasipo sauti ni batili, kwa wanaukoo wote, bila upendeleo. Gharama yake naijua. Siku ya ndoa yako umeme ulikatika, kipaza sauti cha kanisa kikazima, padre akakuuliza jambo, nawe ukatikisa kichwa. Nilikaa benchi la pili, jibu sikulisikia. Mimi nirudishiwe kona yangu, nawe umrudishe Evelyn kwao, kwa heshima na shukrani. Wajukuu tutawajadili kikao kijacho.

Nisalimie Candida na watoto, wanakwaya wangu, na Heriel kama bado hajaanza kuchimba msingi.

Ni mimi kaka yako, ninayetaka tu kulala mahali pangu,

Rogath wa marehemu Leodegar

N.B. Mwambie Evelyn asifungashe. Hamud amerudi asubuhi hii. Waya wa spika nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la pinki, yeye akauhamishia la kijani. "Tusimwambie mtu, mzee," akasema. Mara moja nikampigia Heriel kwa kompyuta ili nimsomee barua hii. Naye, kwa adabu, akatembea na simu yake hadi kwenye kona ile anionyeshe. Sauti ikaja, Hillary. Mfereji. Maji yale yale, bado yanagonga lile jiwe tulilokuwa tukilikalia. Heriel alieleza mambo marefu, kisha akaniuliza kitu, akangoja. Mimi nilikuwa nasikiliza maji.

Nadhani nilitikisa kichwa. Na dirisha la upande wa muuza soksi lilikuwa wazi.