Bahasha ya Enid kwenye Mkebe wa Biskuti

Jumatatu, 17 Juni
Kura za posta zimefika asubuhi, zile za kujazia nyumbani na kurudisha kwa barua. Bahasha mbili, yangu na ya Enid. Mke wangu yuko chumbani juu na nyonga mpya, hospitali imempiga marufuku kukanyaga ngazi kwa majuma matatu. Yake aliijaza kwa dakika nne. Hakuniuliza, hakunionyesha. Akaifunga, akanikabidhi, akasema, Wilf, hii iende posta leo, sio kesho.

Hajakosa uchaguzi hata mmoja tangu afikishe miaka kumi na minane. Siku aliyomzaa Alison wetu alipitia kituoni kwanza, uchungu umeshaanza, akapiga kura yake, ndipo akakubali kupelekwa wodini. Nakumbuka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa naendesha gari na kulia.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu kengele ikalia. Msichana wa chama cha Wekundu, Priya Nandra, ua la utepe mwekundu kifuani, karatasi mkononi. Mzee wangu, safari hii tuko pamoja? Nikasema sijaamua. Ilikuwa kweli tupu. Ungemwona alivyochangamka! Akanisikiliza habari ya maji yanayotuama mbele ya geti, akaandika neno kwa neno. Akaona balbu ya barazani imeungua, akapanda kiti, akabadilisha. Balbu hiyo nilikuwa nimepanga kuishughulikia tangu Pasaka.

Nikamuuliza anajuaje nyumba za kugonga. Akasema ni orodha tu, na mtu akishasema ametuma kura humfuta, hana haja naye tena.

Nikavua viatu. Bahasha zote mbili nimezitia kwenye mkebe wa biskuti. Uchaguzi ni tarehe nne mwezi ujao, siku ziko tele. Nimeuza mazulia katika mji huu wa Thornley Bank miaka thelathini na moja na sijawahi kutafutwa hivi. Moyo umejaa shukrani.

Jumatano, 19 Juni
Jirani Desmond Rigby amesimika kibao cha Bluu bustanini kwake. Kikubwa kuliko mlango wangu. Akaniambia juu ya ukuta kwamba mtu wa miaka sabini na tatu asiyejua anampigia nani akapimwe. Nikamjibu mimi ndiye ninayepima. Unapima nini, Wilf, zulia? Akacheka peke yake. Mtu wa kisirani.

Mchana kaja Diwani Alwyn Pugh wa Manjano. Alitaka kuona shimo la barabarani. Tunalo, la kina. Akachuchumaa, akalinyooshea kidole, akapigwa picha. Akahamia upande wa pili, akalinyooshea tena, akapigwa nyingine. Sikujua shimo letu lina thamani hiyo. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeanza kuelemea upande wake. Akanibana mkono mpaka pete ikauma, kisha akaniingizia pipa la taka ndani ya geti. Diwani mzima, pipa langu!

Jioni Enid kauliza kama bahasha ilikwenda. Nikasema imekwenda. Sikudanganya. Ilikwenda kutoka mezani mpaka kwenye mkebe.

Jumamosi, 22 Juni
Zamu ya Bluu. Bi Cordelia Fanshawe, lulu shingoni, viatu vya kuendea shambani. Nilikuwa nimejipanga. Nilimwambia sijaamua, na kwamba mtu hufikiri vizuri zaidi akiwa na kipande cha keki ya limau. Akasikitika. Sheria haimruhusu kumlisha mpiga kura, hata biskuti moja ni kosa, anaweza kushtakiwa. Kumbe sheria haisemi kitu mpiga kura akimlisha mpiga debe. Kala biskuti zangu nne, za chokoleti. Mara ya tano akaingiza mkono mwenyewe mkebeni akagusa bahasha. Nikamwambia ni risiti.

Lakini alinisikiliza dakika arobaini juu ya mfereji wa maji ulioziba mbele ya geti. Hakuangalia saa. Mara ya mwisho kusikilizwa hivyo na mwanamke ilikuwa harusini kwangu. Naye nimemwahidi kura.

Alhamisi, 27 Juni
Mbinu mpya. Kila chama hupita njia yake: Wekundu huja kutokea shuleni, Manjano kutokea kanisani, Bluu hupitia uchochoro wa nyuma. Kwa hiyo bango jekundu dirisha la mbele kushoto, la manjano dirisha la choo, la bluu jikoni. Kila mmoja ataona lake tu na kufurahi. Nani atakayeumia?

Mimi. Stuli iliteleza nikiwa chooni na bango la manjano, la mwisho. Goti limevimba kama papai. Enid akagonga sakafu kwa fimbo kutoka juu, akitaka kujua kilichoanguka. Nikamwambia ubao wa kupigia pasi. Akauliza ubao huo umeanza lini kutukana.

Desmond alikuwa juu ya ngazi akisafisha mifereji ya paa lake, kwa hiyo madirisha yote matatu aliyaona kwa mpigo. Akaniuliza kama nimefungua duka la vitambaa. Nimemshukuru Mungu kwamba vyama vyote vitatu vimepiga simu kuniuliza hali ya goti. Daktari hajapiga.

Jumanne, 2 Julai
Enid kauliza tena. Wilf, una hakika uliitia mwenyewe kwenye sanduku? Nikasema kwa mkono wangu huu. Nitazipeleka kesho asubuhi, barua ya haraka hufika siku ya pili. Yangu bado sijaijaza. Kila nikishika kalamu namwona Priya juu ya kiti, halafu diwani kachuchumaa, halafu Bi Fanshawe na lulu zake. Watu wazuri sana hawa. Utamkosesha nani?

Jumatano, 3 Julai
Bi Fanshawe kaja saa nne, kaondoka saa kumi. Tulizungumzia mfereji. Karani wa posta alikuwa ameshachukua barua za sandukuni.

Alhamisi, 4 Julai
Siku yenyewe. Naandika mguu ukiwa juu ya kiti.

Asubuhi nilisoma maelezo nyuma ya bahasha kwa mara ya kwanza. Kura ambayo haijafika kwa posta ipelekwe kwa mkono kituoni kabla hakijafungwa. Kituo mwaka huu kimehamishiwa ukumbi wa kanisa juu ya kilima. Kwa goti hili, mwezi mzima sifiki. Teksi za mji huu ni mbili, zote zimekwenda uwanja wa ndege.

Saa nne Priya akagonga. Nikampa bahasha, nikamwomba anipelekee. Akarudisha mikono yote miwili mgongoni, akarudi nyuma mpaka kwenye maua. Hapana, hapana, mzee, usinifanyie hivyo. Mpiga debe haruhusiwi kugusa kura ya mtu. Lakini kunipeleka mimi na bahasha zangu, hilo anaweza. Saa kumi na mbili jioni. Nilishukuru. Kisha, kwa usalama tu, nikampigia diwani. Kisha, kwa usalama wa usalama, Bi Fanshawe.

Saa kumi na mbili kamili magari matatu mbele ya geti. Maua matatu ya utepe. Wakatazamana, wakanitazama, wakalitazama bango jekundu dirishani. Nilidhani watanifokea. Afadhali wangenifokea. Diwani akasema kwa upole kwamba ni wazi Bwana Hesketh, yaani mimi, ni mtu wa Priya, hawezi kumwingilia. Priya akasema hapana, Bi Fanshawe ametumia muda mwingi zaidi, ndiye mwenye haki ya kunipeleka. Bi Fanshawe akasema hawezi hata kidogo kumtangulia diwani. Tafadhali wewe. La, wewe. Nisamehe, wewe kwanza. Wakaendelea hivyo dakika kumi, kila mmoja akawa na hakika kwamba mwenzake amekubali, wakapeana mikono, wakaondoka. Wote watatu.

Nilikaa kwenye ngazi na bahasha mbili mapajani. Ya Enid imeandikwa kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Miaka hamsini na minne hajakosa, hata siku ya uchungu, na atakuja kukosa kwa sababu ya balbu na pipa la taka. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini zaidi niliona aibu. Nililia kidogo. Nilitumia kitambaa cha mezani.

Mara Desmond mlangoni, ndara miguuni, funguo za gari mkononi. Lete hizo bahasha na huo mguu, akasema, na usiniongeleshe. Sijui alijuaje habari ya bahasha. Ana macho makali yule, ni kule kukaa juu ya ngazi.

Nilikumbuka njiani kwamba yangu sijaijaza. Akasimamisha gari, akanipa kalamu, akageukia dirishani kutazama kondoo mpaka nimalize. Mtu wa kibao kikubwa vile, hakuchungulia. Nikafikiri. Shimo limepigwa picha lakini lingali shimo. Mfereji umesikilizwa lakini maji yangali yanatuama. Balbu inawaka. Nikamtilia alama mgombea wa chama cha balbu, nikajaza karatasi ya pili, ya kujitambulisha, haraka haraka, jina, sahihi, tarehe, nikafunga.

Ukumbini mbwa watatu wamefungwa mlangoni wakisubiri wenyewe wapige kura. Karani akanijazisha fomu ya kuleta kura za posta, akauliza ya pili ni ya nani. Nikasema ya mke wangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia sandukuni. Nilitaka kumbusu.

Nikamshukuru Desmond njia nzima ya kurudi. Akasema nikiendelea atanishusha. Kwa hiyo nikamshukuru kimoyomoyo.

Nilipanda kwa Enid, ngazi moja moja, kwa makalio. Nilimkuta amekaa kitandani, simu mkononi, dirisha lake la mbele liko wazi. Akauliza, Imeingia? Nikauliza nini. Akasema jioni imeingia? Nikasema imeingia. Akanishika mkono, akasema asante, Wilf. Sikujua ananishukuru kwa lipi, maana hajui lolote. Nikapokea.

Jumanne, 10 Septemba
Barua kutoka ofisi ya uchaguzi, kwa jina langu. Wanasikitika kwamba kura yangu ya posta ilikataliwa. Kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa niliandika tarehe nne Julai mwaka huu. Kwa kumbukumbu zao, nilipiga kura siku niliyozaliwa. Ya Enid ilihesabiwa.

Nimesoma mara mbili, na sioni cha kulalamikia. Chama kimoja kilishinda jimboni, viwili vikashindwa, na mimi sina mkono katika huzuni ya yeyote. Wote watatu walinitumia kadi ya shukrani. Zimepangwa kwenye rafu juu ya meko. Nashukuru pia goti limepona, na Enid anashuka ngazi mwenyewe, na kibao cha Desmond kimeondolewa. Nimempelekea mkebe wa biskuti. Ameufungua, ameinua kila biskuti na kuchungulia chini yake. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Jumamosi, 14 Septemba
Kengele saa tano. Priya! Uchaguzi wa baraza la wilaya ni Mei, wanaanza mapema. Mzee wangu, vipi safari hii? Alipouliza tu nikaona bomba la jikoni linadondoka nyuma yangu, na nyasi, na ule mlango wa banda usiofunga.

Nikasema kwa kweli sijaamua.

Mkebe nimeacha, kila mtu anautia mkono. Safari hii ni kopo la majani ya chai. Nilipomdokezea Enid kwamba kura za posta zikija nitashughulikia zote mbili kama kawaida, akasema asante, mpenzi, yake amemwomba Desmond aipeleke. Ameshazungumza naye, tangu Julai. Sijui kwa nini amtume Desmond wakati mimi nipo. Lakini nimeshukuru. Kopo lenyewe ni dogo, bahasha mbili zisingeenea.