Pikipiki Mbili kwa Mjerumani Mmoja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeona gari. La Kijerumani, jeusi, refu. Limeshushwa stesheni leo asubuhi kutoka kwenye behewa la mizigo, baada ya siku kumi na moja njiani kutoka Lubumbashi. Viti vya ngozi. Mbao halisi mbele ya dereva. Katikati ya viti vya nyuma kuna friji ndogo. Friji, ndani ya gari! Lina umri wa miaka ishirini na mbili, lakini mimi nina hamsini na nne na bado natembea.

Mwenyewe anaitwa Cyprien, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mwenye viatu vyeupe. Hataki fedha. Anataka pikipiki zangu mbili. Hizo ndizo zinazotulisha tangu nilipostaafu reli: vijana wawili wanabeba abiria mchana kutwa, jioni wanamletea mke wangu Léonie cha kununulia unga. Nikasema nitafikiri. Akasema nifikiri upesi, maana jirani yangu Kabwe amelizunguka gari hilo mara tatu.

Kabwe! Sikuweza kula. Nilikula kidogo tu, kwa sababu kulikuwa na samaki wa Bukama.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umekamilika kichwani: harusi! Kiangazi hiki chote watu wanaoana, na maharusi wa Kamina wanapelekwa kanisani kwa jeep za kuazima zenye vumbi hadi kwenye shela. Nitawakodisha Mjerumani. Mpwa wangu Chancelvie anaolewa Jumamosi ya tarehe 21. Atakuwa wa kwanza, mji mzima utaona.

Nimechora safu mbili kwenye daftari. Faida: harusi, friji, Kabwe. Hasara: niliandika "mchanga", halafu nikafuta.

Nimempeleka fundi Théo akalikague. Alilala chini ya gari muda mrefu. Akatoka, akasema halina springi kama magari mengine, linasimama juu ya mifuko ya hewa. "Patron, hii gari haiko mubaya. Iko tu muzee. Siku itakatala, pièce yake itatoka Lubumbashi." Kipuri kije kwa treni, na treni tunaijua, inakuja ikipenda. Nikamwuliza, angekuwa mimi, angenunua? Akaniuliza mama Léonie anasemaje. Kwa nini kila mtu ananiuliza hilo? Sijamwambia bado.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia. Aliendelea kusonga bukari, ugali wetu, bila kugeuka. Akauliza swali moja tu: mtu mwenye gunia la makaa akitaka kwenda sokoni, atalipakia kwenye hiyo friji? Nikamwambia haelewi biashara. Akanikumbusha kwamba pikipiki ya pili ilinunuliwa kwa karanga za shamba lake. Ni kweli. Sikupenda kukumbushwa. "Weye njo unajua, Baba Christelle," akasema, akaniachia uamuzi, kisha akafunika sufuria.

Saa kumi nikapita stesheni. Kabwe kwenye kiti cha dereva! Anapandisha kioo, anashusha kioo. Anapandisha, anashusha!

Nikaenda moja kwa moja kwa Masengo kinyozi. Nina upara, lakini nilikaa kwenye kiti chake. Nikamwambia yeye peke yake, kwa siri kubwa, kwamba gari lile lilikuwa likibeba maiti Lubumbashi. Masengo akaapa hatasema. Namfahamu Masengo.

Alhamisi, 12 Juni

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika hadi sokoni! Kabwe amesimama langoni kwangu na baiskeli yake, amenywea. Ameacha kununua. "Muke yangu hataki gari ya bafu mu lupango." Gari la wafu, uani kwake! Nikamsikitikia kwa uso mkavu kabisa. Nikaingia ndani nikacheka ndani ya mto.

Kicheko hakikudumu. Cyprien amekuja amekasirika, anasema kuna mtu ameharibu jina la gari lake. Ataondoka na treni ya Jumamosi. Nikilitaka ni kesho, la sivyo basi. Nisiponunua, Cyprien atamwapia Kabwe kwamba ni uongo, na Kabwe atalichukua. Nikinunua, pikipiki zimekwenda. Nikamwomba Léonie tuamue pamoja. Akasema alishasema, tena kwa Kiswahili.

Ijumaa, 13 Juni

NIMENUNUA!

Vijana wamekabidhi funguo za pikipiki. Mmoja alifuta tangi kwa kiganja kabla ya kuondoka. Sikuangalia sana.

Nimeendesha mitaa mitatu. Mtaa wa nne Mjerumani akazama kwenye mchanga hadi milangoni, watu saba wakasukuma. Nilipofika langoni nikazima injini. Gari likatoa pumzi ndefu, fyuuu, likashuka taratibu hadi tumbo likagusa ardhi, kama kuku anayelalia mayai. Léonie alitoka, akatazama, akarudi jikoni.

Jumapili, 15 Juni

Halijainuka.

Chancelvie amekuja na mama yake, analia. "Tonton, minyi siwezi kuingia mu gari ya bafu!" Eti ndoa itakufa kabla ya kuanza. Nikamwambia huo ni uongo mtupu. Akaniuliza nimejuaje. Léonie alikuwa akinitazama. Nadhani anajua.

Nikamkimbilia padri baada ya misa ya pili, aje abariki gari. Amekuja kwa upole na maji ya baraka. Akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini tunamwombea marehemu yupi.

Jumanne, 17 Juni

Fundi Théo amelijaza hewa, likasimama nusu saa, likaketi tena. Mfuko mpya utaagizwa Lubumbashi.

Wamekuja wateja wa kwanza! Nilivaa koti. Kumbe wana kilio nyumbani. Wamesikia kuna gari linalofahamu kazi hiyo, tena lina friji. Niliwafukuza. Baadaye nikaona aibu, ni watu wenye msiba.

Unga umebaki kidogo. Léonie ameanza kukaanga mikate ya kuuza stesheni. Anaamka saa kumi alfajiri.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya harusi. Nilisimama mbele ya kanisa, nimekuja kwa miguu. Nikasikia honi. Chancelvie akatokea juu ya pikipiki iliyofungwa riboni nyeupe, shela amelikusanya mapajani, anacheka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Ni pikipiki yangu! Dereva ni kijana wangu! Nyuma yake ya pili, na juu yake Kabwe na suti.

Cyprien hakupata nafasi ya kuzipakia kwenye treni. Alimwuzia Kabwe zote mbili, na vijana wakazifuata. Sasa kila mtu anasema bibi harusi juu ya pikipiki ndiyo mtindo. Familia mbili zimeshamwekea Kabwe siku.

Léonie alirudi nyumbani kwa pikipiki ya karanga zake. Alilipa nauli. Aliponieleza hilo hakupiga kelele. Kelele ningezivumilia. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikamwuliza kama wali wa harusi ulikuwa mzuri.

Jumapili, 22 Juni

Nimefikiri siku nzima, nimekaa ndani ya Mjerumani. Kuku mmoja ametaga kwenye kiti cha nyuma. Kosa ni langu, naliona waziwazi, na naliandika hapa. Nilimnyang'anya Léonie pikipiki yake. Lazima nimrudishie. Nitamrudishia!

Ila Kabwe hawezi kuziuza kwa bei ndogo wakati mji mzima unazipenda. Ingekuwa watu wanaziogopa kidogo, hapo sawa. Kwa mfano, ikijulikana kwamba pikipiki zile mbili, huko nyuma, ziliwahi kubeba maiti kutoka vijijini.

Si lazima wajue watu wengi. Mmoja anatosha, kwa siri kubwa. Masengo anafungua saa moja asubuhi. Nywele sina, lakini Jumatano ile pia sikuwa nazo.