Vibandiko Vyekundu Thelathini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Manispaa inaandaa mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nimesoma rasimu yote, kurasa mia na arobaini. Mara mbili! Kesho darasa letu linakwenda ukumbini kubandika vibandiko kwenye ramani ya mji. Mtaa wenye vibandiko vingi vya mafuriko utachimbiwa mtaro kwanza. Lazima uwe wetu. Mvua iliyopita, maji yaliingia chumba cha Mama cha kushonea, cherehani ikashika kutu. Yakiingia tena, hana kazi.

Jumanne, 4 Machi
Kila mwanafunzi alipewa vibandiko vitatu, rangi achague mwenyewe. Mimi nilibandika thelathini na saba. Wavivu wa darasa walinigawia vyao kwa furaha. Vyekundu vitupu! Rasimu inasema wazi: nyekundu ni mafuriko. Kiranja wetu, anayekaa mtaa wa juu kusikofika hata tope, alisimama dakika kumi akisoma maelezo pembeni ya ramani. Nikamcheka kimoyomoyo. Mambo hayo husomwa nyumbani, bwana!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kumbe rangi zilibadilishwa baada ya rasimu. Mafuriko ni bluu. Nyekundu ni joto kali, mahali panapohitaji kivuli. Mhandisi wa manispaa alikuja darasani, akasema hajawahi kuona mtaa unaoungua kama wetu. Akauliza kama yupo anayekaa huko, aeleze. Nilikuwa na jibu. Na takwimu! Nikainama kufunga kamba za viatu. Kiranja akanikumbusha, kwa sauti, kwamba nimevaa ndala.

Jumamosi, 8 Machi
Lori limeshusha miche thelathini na saba ya miti ya kivuli mlangoni kwetu. Mtaro, hakuna. Mama akauliza miche ni ya nani. Nikasema ya tabianchi. Akasema basi huyo tabianchi aje aimwagilie, la sivyo ndoo ninaijua ilipo.

Jumatatu, 10 Machi
Mama amepita kwa mhandisi akielekea sokoni. Akamwambia, baba, maji yananiingilia ndani, njoo uone. Akaja. Akaona alama ya maji ukutani, akapima. Mtaro unaanza kwetu wiki ijayo. Dakika ishirini tu!

Ni wazi vibandiko vyangu vilishamlainisha mhandisi. Mama hajui mikakati.

Sasa miche. Mgongo umekufa ganzi kwa kubeba ndoo. Nimeiandikia manispaa barua kumi na moja za wananchi wenye hasira, wakitaka miche ihamie mtaa wa Kiranja. Kila mmoja na mwandiko wake, wawili kwa mkono wa kushoto. Hakuna atakayeshtuka. Na kwa kujali mazingira, zote nimezitia kwenye bahasha moja.